Namba ya Kiti, Namba ya Kitanda

Kiti kilikataa pumzi ya kwanza.

"Umepuliza kabla ya ishara," kilisema kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa redio, isiyochoka wala kukasirika. "Tafadhali pumzika. Tutajaribu tena."

Mzee Ambakisye aliachia kipulizo kikaning'inia kwenye mrija wake, akamtazama Sekela kwa macho yenye kicheko. "Si mimi. Ni Gwakisa huyo nje. Amepiga ngoma, nami nikaingia."

Kweli, nje ya dirisha bendi ya matarumbeta ya usharika ilikuwa imejipanga chini ya upenu, ikikwepa manyunyu ya Tukuyu yasiyojua kukata. Walikuwa wamepanda mlima pamoja naye tangu asubuhi, tarumbeta zao zimefunikwa kwa mifuko ya nailoni, kwa sababu ndivyo walivyozoea: mwenzao akienda kuoa, akienda kuzika au akienda kufanya mtihani, bendi humsindikiza. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba kupimwa pumzi si mtihani.

Sekela alisogea dirishani awaombe wanyamaze kidogo. Huu ulikuwa mwaka wake wa kwanza wa kazi ya upimaji pale kituoni, na sauti yake haikuwahi kuvuka chumba.

"Samahani," alisema. Hakuna aliyemsikia. "Samahani, jamani..."

"Nyie!" Mke wa mzee, Mama Subilaga, alifoka kutoka nyuma yake. "Gwakisa! Weka hiyo ngoma chini kabla sijatoka nikuvalishe kichwani!"

Kukawa kimya. Tarumbeta moja ilijikohoza, nayo ikanyamaza.

"Sasa, mzee," Sekela alisema, "vuta hewa yote unayoweza. Kiti kikilia, itoe kwa mkupuo mmoja mpaka isibaki." Alimwekea kipulizo mdomoni mwenyewe, maana mikono ya mzee ilikuwa imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Ugonjwa ulikuwa umeanzia vidoleni. Ulikuwa ule ugonjwa unaoua neva zinazoamrisha misuli, moja baada ya nyingine, huku ukimwachia mtu akili yake yote ya kutazama. Kwanza alishindwa kubonyeza vitufe vya tarumbeta, kisha akashindwa kuishika. Siku hizi aliiongoza bendi kwa nyusi.

Kiti kilimkaza mkanda kifuani. Mzee alivuta hewa, mabega yakapanda hadi karibu na masikio, misuli ya shingo ikasimama kama kamba za hema. Kiti kikalia. Akapuliza kama alivyofundishwa utotoni, na kama alivyowafundisha watoto wa kijiji kizima baadaye: pumzi ndefu, iliyonyooka, isiyotikisika mwishoni. Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Mara ya tatu machozi yalimtoka.

"Asante," kiti kilisema. "Nimechukua iliyo bora. Sitini na sita kwa mia. Mpimaji, tafadhali thibitisha."

"Sitini na sita!" Mama Subilaga alipiga kigelegele. "Mwanaume huyu shuleni hakuwahi kufika hata hamsini!"

"We ulijuaje," mzee alisema, akavuta hewa, "na ulikuwa... unaangalizia kwangu?"

Uso mpana wa Gwakisa ulijitokeza dirishani, matone yakimning'inia kwenye nyusi. "Ngapi?"

"Sitini na sita!"

"Amefaulu!" Gwakisa aliwageukia wenzake. "Mzee amefaulu, jamani, amefaulu!" Na hapohapo ngoma kubwa ikaanza, tarumbeta zikaipokea, na chini kule kwenye mashamba ya chai, mashine za kuchuma zilizokuwa zikitambaa zenyewe kwenye matuta zilisimama kidogo, kama zinavyofanya zikisikia kelele za watu, kisha zikaendelea na kazi.

Sekela alikuwa ameinua kidole gumba ili akiweke kwenye kioo cha kiti. Hakukishusha. Mara zote tatu hakuwa ameitazama namba; alikuwa ametazama shati la mzee, pale juu ya mshipi. Kifua kilipopanda, tumbo lilipaswa kupanda nacho. Badala yake lilikuwa limebonyea ndani.

*

"Mzee, unalala vipi?"

"Vizuri tu."

"Analala kwenye kochi," Mama Subilaga alisema. "Tangu mvua za mwaka jana. Anasema mgongo."

"Mgongo," mzee alikubali.

"Na kichwa, asubuhi?"

Mume na mke walitazamana. "Kinamuuma mpaka apate chai," mke alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Kwani kichwa nacho kimo?"

Sekela alivuta kigoda akakaa. Uzi wenyewe hakuwa na haja ya kuueleza, maana ndio uliowaleta. Wilaya nzima ilijua habari za uzi hai unaooteshwa maabara kule Mbeya, mwembamba kama utando wa buibui, unaoshonwa kwenye kiwambo cha mgonjwa, ule msuli wa kupumulia, kisha ukatambaa kufuata neva zilizobaki na kushika kazi ya zile zilizokufa. Walimjua mwalimu mmoja wa Kiwira aliyewekewa. Alikuwa hawezi kuinua kijiko, lakini alikuwa akipumua, na bado alikuwa akigomba na wajukuu wake. Ambalo hawakulijua ni habari ya mlango.

"Uzi una mlango wake," Sekela alisema akitazama viatu vyake. "Ukiingizwa wakati neva zilizo hai bado ni nyingi, unazinyonga. Zikiwa zimebaki chache mno, hauna pa kushika. Unaozea ndani. Kwa hiyo wanawawekea walio kati ya arobaini na sitini. Juu ya sitini, mtu anasubiri."

"Na chini ya arobaini?" mzee aliuliza.

"Chini ya arobaini jina linaondolewa kwenye foleni ya uzi. Wanatoa mashine ya usiku. Barakoa inayosukuma hewa mtu akiwa amelala."

Nje walikuwa wamefika kwenye kiitikio. Mama Subilaga alikunja uso kama mtu anayepiga hesabu ngumu.

"Kwa hiyo amefaulu mpaka amekosa."

"Anasubiri tu, mama. Arudi baada ya miezi mitatu."

"Ningejua," mzee alisema, "ningepuliza... kama Gwakisa." Kisha akaacha kucheka. "Futa, mwanangu. Narudia. Safari hii kidogo."

Sekela alijua kwamba kiti hakidanganyiki, lakini hakuwa na moyo wa kumwambia. Akamwekea kipulizo. Mzee alipuliza kama anayepoza uji.

"Juhudi haijatimia," kiti kilisema. "Tafadhali toa pumzi yako yote."

Akajaribu ujanja: akaanza kwa nguvu, akakata katikati. "Juhudi haijatimia." Mara ya tatu, wenzake nje walikuwa wakipanda kuelekea kilele cha wimbo, na mwili wake ukasahau kwamba ulikuwa ukidanganya.

"Asante. Sitini na tano."

Mama Subilaga alijifunika uso kwa kanga. Haikujulikana kama anacheka.

"Umri huu," mzee alisema, akihema, "nimeshindwa... kupiga vibaya."

Hapo ndipo Sekela alipofanya jambo alilokuwa akiliogopa tangu alipoliona lile tumbo likibonyea. Alisimama, akafungua kabati la chini, akatoa kipimo cha mkono, cha plastiki iliyogeuka rangi, cha aina waliyojifunzia chuoni kabla vituo havijapewa viti.

"Namba ya kiti ni ya kweli," alisema, "lakini si ya kiwambo chako, mzee. Ni ya shingo na mabega." Akaweka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, chini ya mbavu zake mwenyewe. "Kiwambo ni huu msuli uliotandazwa hapa chini ya mapafu. Ndio unaovuta hewa. Wa kwako umechoka, ila umepiga tarumbeta maisha yako yote, na shingo yako imejifunza kumfanyia mwenzake kazi. Ukiwa umekaa, uzito wa matumbo unashuka na kuusaidia, kwa hiyo kiti hakioni kitu. Ukilala chali, matumbo yanakuja juu yanaulalia. Hapo shingo haitoshi. Hapo ndipo ninaweza kuuona wenyewe."

"Ndiyo maana ya kochi," Mama Subilaga alisema polepole.

"Ndiyo, mama."

"Si mgongo."

Mzee alitazama dirishani.

"Kanuni zinamruhusu mpimaji kuweka namba yake badala ya ile ya kiti," Sekela aliendelea. "Akishaiweka haifutiki. Wengi hawafanyi, kwa sababu kumlaza mgonjwa kunachukua muda na watu ni wengi. Lakini inaruhusiwa. Nikikulaza, namba itashuka." Na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilivuka chumba. "Nadhani itaingia mlangoni."

"Mlangoni," mzee alirudia, kama mtu anayeonja.

*

Walimlaza wawili, Sekela mabegani, Mama Subilaga miguuni. Hakuwa mzito. Kichwa kilipogusa godoro macho yake yalifunguka sana, na shingo ikaanza kuvuta, kuvuta, kama mtu aliyetumbukia kisimani anayetafuta ukingo. Tumbo lilizama ndani kwa kila pumzi. Mama Subilaga alikuwa amemwona mumewe akiwa uchi, akiwa mgonjwa, akiwa amelewa siku ya harusi ya binti yao. Hakuwahi kumwona akiwa na hofu ya godoro.

"Haraka, mwanangu," alisema.

"Vuta, mzee. Yote. Sasa!"

Alipuliza. Hapakuwa na kiti cha kusema asante. Palikuwa na sindano ndogo tu ya kipimo, iliyopanda ikasimama. Sekela aliisoma, akageuza kipimo upande wa mwanga akaisoma tena.

"Moja zaidi, mzee wangu. Moja tu."

Ya pili ilikuwa chini kidogo ya ya kwanza. Ya tatu hakuiomba. Walimwinua, akaegemea bega la mkewe huku jasho likimtiririka, akivuta hewa kwa mabega, na baada ya muda rangi ilimrudia midomoni. Nje bendi ilikuwa imeanza wimbo mwingine, wa harusi.

"Ngapi?" alisema alipoweza.

"Nakuja," Sekela alisema. "Nipe dakika moja, mzee."

Alitoka hadi kwenye veranda ya nyuma akiwa bado amekishika kipimo. Thelathini na nane. Alikuwa ametarajia hamsini. Alikuwa amejiandaa kwa arobaini na tano, na hata arobaini na moja angeishukuru. Alikuwa amemlaza mtu chali mbele ya mkewe kwa sababu ya neno "nadhani", na sasa alikuwa na namba mbili za mtu mmoja, za siku moja. Moja ilisema bado mapema. Nyingine ilisema amechelewa. Hakukuwa na namba ya tatu katikati.

Alimpigia msimamizi wake, Dokta Nzowa, kule Mbeya. Alieleza kila kitu bila kupumzika.

"Umepima mara ngapi?"

"Mbili. Tofauti ni ndogo."

Sekela alimsikia Dokta Nzowa akivua miwani na kuiweka mezani.

"Namba ya kitanda ndiyo ya kiwambo. Unalijua hilo."

"Nikiiweka, jina lake linatoka kwenye foleni. Leo hii. Halirudi."

"Najua."

"Na nikiacha ya kiti, anabaki kwenye foleni, lakini hapati mashine ya usiku, kwa sababu kiti kinasema hahitaji. Na anaihitaji sasa, dokta. Hajalala chali mwaka mzima."

"Najua, Sekela."

"Je, nikiandika..." Alisita. "Arobaini na tano?"

Akiwa mwanafunzi Sekela aliwahi kusimama nyuma ya madaktari siku walipomfungua mgonjwa aliyewekewa uzi wakati neva zake zimekwisha. Uzi ulitolewa ukiwa mweusi na laini kama mzizi wa mgomba uliokaa majini, na kipande cha kiwambo kilitoka nao. Mgonjwa yule hakuamka.

"Ningependa nikuamrishe," Dokta Nzowa alisema mwishowe, "ili lisiwe lako. Lakini kanuni inamtaja mpimaji. Mimi sikumwona. Wewe umemwona. Pole, mdogo wangu."

Alipogeuka, Gwakisa alikuwa amesimama kwenye kona ya veranda akikamua maji kutoka kwenye kofia yake.

"Dada, samahani. Tunauliza, mzee akitoka tumpigie upi? Vijana wanataka ule wa harusi, mimi nasema ule aliotunga yeye mwenyewe." Alishusha sauti kama anayetoa siri ya jeshi. "Ni mrefu, halafu una sehemu yake ya peke yake. Tangu vidole vimgomee hakuna aliyeigusa. Tukifika hapo tunanyamaza wote, mimi nashika tu mapigo kwa mbali, mpaka sehemu yake iishe. Watu wasiojua wanadhani tumesahau. Juzi kwenye harusi bwana harusi alianza kupiga makofi!" Alicheka, kisha akamwona vizuri usoni, na kicheko kikapungua chenyewe. "Dada?"

Sekela alikificha kipimo nyuma ya mgongo.

"Haya," Gwakisa alisema taratibu, akivaa kofia yake iliyolowa. "Tutapiga aliotunga."

*

Aliwaambia akiwa amesimama. Aliogopa kwamba akikaa angelia, na haikuwa zamu yake ya kulia.

"Kiti kinasema sitini na sita. Kitanda kinasema thelathini na nane. Ya kitanda ndiyo ya kiwambo chako, mzee. Nilisema nadhani itaingia mlangoni. Haikuingia. Imepita."

Mama Subilaga alimtazama mumewe, kisha akamtazama Sekela, kama kwamba mmoja wao angecheka na kumaliza utani.

"Siku gani?" mzee aliuliza.

"Siku gani nini, mzee?"

"Niliyokuwa... mlangoni."

"Sijui. Labda mwaka jana. Ulipohamia kwenye kochi, au kabla kidogo."

"Mwaka jana tulikuja hapahapa," Mama Subilaga alisema. "Kiti hikihiki. Kikasema sabini na moja. Tukarudi tukachinja kuku." Akalishika pindo la kanga akalikunja, akalikunjua. "Bendi nzima ikala."

Kiti kilikuwa bado kinawaka taa yake ya kijani, kikisubiri kidole. "Mpimaji," kilikumbusha kwa upole, "tafadhali thibitisha."

Sekela aliwaeleza kilichobaki, yote, kwa sababu hakuona haki ya kumficha hata kipande. Kwamba akibonyeza sitini na sita, mzee atabaki kwenye foleni, ataitwa baada ya miezi mitatu, na atalala kwenye kochi. Kwamba akiweka thelathini na nane, foleni itafungwa leo, na kesho kutwa gari litaleta mashine ya usiku hadi mlangoni kwao. Mashine haitarudisha kitu. Itampa usingizi, na muda ambao hakuna mtu angeweza kumtajia.

"Acha ya kiti," mzee alisema.

"Baba Subi..."

"Acha ya kiti." Alivuta hewa. "Wale nje wamepanda mlima... na mvua. Wanasherehekea. Niache kwenye foleni. Watu wengi... wanaishi kwenye foleni."

"Na usiku?" mkewe aliuliza.

"Usiku nalala."

"Unalala." Mama Subilaga aliacha kuikunja kanga. Sauti yake ilikuwa tulivu, na kwa ajili hiyo Sekela alitamani asingekuwepo chumbani. "Nilipokuwa kwaya ulinifundisha kuhesabu kimya. Ukasema mwimbaji mbaya anahesabu noti, mwimbaji mzuri anahesabu vimya. Unakumbuka? Sasa usiku ndiyo kazi yangu. Unavuta, unatoa, halafu unanyamaza. Mimi nahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Nikifika nne nakutikisa bega, unaanza tena. Halafu nahesabu tena. Unadhani nani anakuamsha? Unadhani ni panya?"

Mzee alimtazama. Midomo yake ilitembea kidogo bila sauti.

"Hujaniambia."

"Nawe uliniambia mgongo."

Walikuwa wamekaa bega kwa bega kama watu wanaosubiri gari. Kisha Mama Subilaga aliuchukua mkono wa mumewe kutoka pajani, akauweka kwenye paja lake mwenyewe, akaushikilia hapo kwa mikono miwili, maana usingeweza kukaa wenyewe.

Sekela alisubiri mmoja wao aseme. Alitamani mzee aseme ndiyo. Alitamani mama aseme basi, acha. Alikuwa amesomea neva, misuli, hewa na namba, na hakuna somo hata moja lililomwambia kidole cha mtu wa tatu kinaingiaje katikati ya watu wawili kama hawa. Alifikiria ile miezi mitatu mle ndani ya nyumba yao: mwanamke macho wazi, akihesabu hadi nne. Alifikiria siku ambayo angepitiwa na usingizi akiwa kwenye tatu.

Akakivuta kioo cha kiti karibu. Akaandika thelathini na nane.

"Namba hii inatofautiana na yangu," kiti kilisema. "Ukiithibitisha haitafutika. Una uhakika?"

Mzee Ambakisye aliitazama namba ile kwenye kioo. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana.

"Mwanangu," alisema, "kwenye bendi... mtu akikosea... sikuwa namwambia katikati. Nilingoja wimbo uishe."

Nje Gwakisa alikuwa amehesabu, na ule wimbo aliotunga mzee ulikuwa umeanza.

"Basi tungoje, mzee," Sekela alisema.

Wakangoja. Ulikuwa wimbo wa taratibu, usio wa harusi wala wa msiba, wa aina ambayo watu huimba wakirudi nyumbani na bado ni mchana. Mzee aliusikiliza akiwa amefumba macho, nyusi zake zikipanda na kushuka, zikimwita huyu, zikimtuliza yule, ingawa ukuta ulikuwa katikati yao. Tarumbeta zilipanda ngazi kwa ngazi. Kisha zote zikanyamaza kwa pamoja, ghafla, kana kwamba mtu amezifungia mlango.

Ilibaki ngoma tu, mbali, kama moyo wa mtu mwingine. Na mvua kwenye bati.

Mzee alivuta hewa. Mabega yalipanda, shingo ikasimama, midomo ikajikaza na kutengeneza lile tundu dogo la mpiga tarumbeta. Sekela hakutaka kutazama tumbo, akatazama. Lilibonyea. Mzee akapuliza hewa tupu, polepole, akiigawa kwa uangalifu, na Mama Subilaga, aliyeujua wimbo ule kuliko yeyote pale, alikuwa akitikisa kichwa akifuata noti ambazo hazikuwepo. Pumzi ikakatika. Akavuta nyingine, ndogo zaidi. Ikakatika nayo. Alikuwa akivuta ya tatu wakati tarumbeta zote nje ziliporudi kwa kishindo, zikauchukua wimbo, zikaenda nao hadi mwisho.

Makofi. Mtu alipiga mluzi. Sekela akaweka kidole gumba kwenye kioo, akakibonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Asante," kiti kilisema. Taa ya kijani ikazimika.

Gwakisa alisukuma dirisha kwa kiwiko, uso mzima maji, akihema kuliko mzee. "Ehee, mzee! Tumeingia sawasawa?"

Mzee Ambakisye alifumbua macho. Alimtazama kwa muda, kwa ule ukali wa mwalimu ambao bendi nzima iliuogopa na kuupenda.

"Mmewahi," alisema. Akavuta hewa. "Sehemu yangu... ilikuwa haijaisha."